Insha iandikwe mara mbili: mwongozo kamili wa kutumia simu na kompyuta kufundisha uandishi

Insha ikirudi na 11 kati ya 20 kwa wino mwekundu, mwanafunzi huangalia namba, humchungulia jirani kapata ngapi, kisha hufunga daftari. Maoni uliyoyaandika pembeni mpaka saa sita usiku hayasomwi. Mwalimu yeyote wa Kiswahili huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Mafinga hadi Kyela, analijua hili. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alilionyesha kwa jaribio alilofanya na wanafunzi wa Israeli: waliopewa maoni peke yake walifanya vizuri zaidi kuliko waliopewa alama, na waliopewa alama pamoja na maoni hawakuwa na nafuu ya maana kuliko wale wa alama tu. Namba iliyameza maoni.

Ndiyo maana kila kifaa nitakachokitaja hapa nakipima kwa swali moja: kitamfanya mwanafunzi aiandike insha yake upya? Kama hakimrudishi kwenye karatasi, kiache, hata kama kinang'aa na kina sifa nyingi. Uandishi hukua kati ya rasimu ya kwanza na ya pili, na kwa darasa la watoto 60 au zaidi, kalamu nyekundu peke yake haitufikishi hapo. Piga hesabu: insha 60 kwa dakika 10 kila moja ni saa 10 za kusahihisha, na hapo hujafundisha kidato kingine. Simu yako inaweza kulipunguza deni hilo, ukiitumia kwa mpango.

Hatua ya kwanza: jua ulichonacho, na upate ruhusa

Chukua karatasi uandike vifaa vilivyopo kweli. Simu janja yako. Kishikwambi (tableti) cha shule, kwa sababu shule nyingi zina vile ambavyo serikali iliwagawia walimu baada ya kutumika kwenye Sensa ya 2022. Kompyuta zinazowaka, bila kuhesabu zilizofunikwa vitambaa. Projekta, kama ipo. Spika ndogo ya kuchaji. Kisha andika mambo mawili yanayoamua kila kitu huku kwetu: umeme unakatika mara ngapi wakati wa mvua, na mtandao unashika wapi. Kuna shule za Kilolo na Makete ambako mwalimu hupanda mlimani kupata mtandao. Mambo mengi yaliyomo humu hayahitaji intaneti, nami nimeyapanga hivyo makusudi.

Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kumiliki simu shuleni, na mwongozo huu haukuombi uivunje sheria hiyo. Kifaa kinabaki mikononi mwa mwalimu au kwenye ofisi ya taaluma. Nenda kwa mkuu wa shule na mpango wa ukurasa mmoja: darasa gani, kifaa gani, saa ngapi, nani anasimamia. Waeleze na wazazi kwenye kikao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa pia majina, sauti na picha za watoto hawa, hivyo toka siku ya kwanza tumia namba badala ya majina, na kazi ya mtoto isitoke nje ya shule bila idhini ya mzazi.

Anza na mkondo mmoja tu. Ukianza na mikondo minne, utachoka kabla ya likizo fupi.

Hatua ya pili: jambo moja kwa insha moja

Mwanafunzi aliyeonyeshwa makosa 23 hajui aanzie lipi. Kabla hamjaandika, tangaza jambo moja mtakalolishughulikia, uliandike ubaoni: wiki hizi mbili tunatafuta aya yenye hoja moja iliyoshibishwa mifano. Zamu ijayo ni viunganishi. Ijayo ni nukta na mkato, halafu kuunganisha na kutenganisha maneno, maana "kwahiyo" na "ana soma" vimejaa kila daftari. Herufi l na r zipewe zamu yake peke yake. Lugha kadhaa za nyanda hizi, Kinyakyusa ikiwamo, hazina sauti ya r, na mtoto huandika anavyosikia.

Makosa mengine unayaona, na unayaacha. Walimu wengi hapa husita, wakiogopa kuonekana hawakusahihisha. Mweleze mwalimu wa taaluma mapema kwamba daftari lenye alama chache za wino limesomwa, na kwamba mrejesho umehifadhiwa kwa sauti.

Hatua ya tatu: piga picha inayosomeka

Wanafunzi waandike kwa mkono, ukurasa mmoja au mmoja na nusu, wakiruka mstari. Wape namba. Piga picha karibu na dirisha, daftari likiwa limelala bapa mezani, simu ikiwa juu yake sawasawa. Taa ya simu izime. Humulika katikati ya ukurasa na kufifisha pembe. Asubuhi za ukungu Mufindi au Njombe, subiri mpaka saa nne hivi mwanga uongezeke. Kwenye simu za Android, programu ya Google Drive ina sehemu ya kuskani inayonyoosha ukurasa na kuutoa kama PDF. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili la waraka, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa na mwandiko mdogo ukafifia.

Jina la faili liseme kila kitu: kidato, mkondo, namba, mada, rasimu. Mfano: F3B-27-parachichi-r1. Rasimu ya pili itaitwa r2, na zote mbili zitakaa jirani kwenye folda. Mpangilio huu mdogo utakuokoa mwezi wa tisa utakapotaka kumwonyesha mtoto alikotoka.

Hakuna haja ya kupiga picha insha zote 60. Chagua 15 kwa wiki, kwa mzunguko, ili ndani ya wiki nne kila mmoja awe amefikiwa. Zilizobaki zisome kwa haraka, uweke vema mahali palipofanikiwa lile jambo la wiki.

Hatua ya nne: sema, usiandike

Hapa ndipo penye faida kubwa, na hapa nitakaa zaidi.

Ukiandika pembeni "hoja haijitoshelezi", mwanafunzi hajui afanye nini. Ukimwambia kwa sauti, unajikuta unaeleza kwa nini, kwa maneno ya kawaida, na anasikia kwamba kuna mtu aliyeisoma kazi yake mpaka mwisho. Tumia kinasa sauti cha simu, hakihitaji bando. Ukipenda WhatsApp, fungua kundi lenye wewe mwenyewe tu, bonyeza maikrofoni, telezesha kidole juu ili ijifunge, uongee. Ujumbe wa dakika moja haufiki megabaiti moja, kwa hiyo hata bando dogo linatosha.

Chukua aya hii, niliyoitunga kwa mfano wa zile tunazopokea kila wiki:

"Kilimo cha parachichi kina faida nyingi katika wilaya ya Rungwe. Kwanza watu wanapata hela. Pili watu wanajenga nyumba nzuri na kusomesha watoto. Kwahiyo kilimo hiki ni kizuri sana na serikali ikisaidie."

Hakuna uongo hapo. Lakini ondoa parachichi uweke viazi, ondoa Rungwe uweke Makete, na aya inabaki vilevile. Mwandishi hayumo. Ujumbe wako wa sauti unaweza kuwa hivi:

"Habari za jioni, mwanangu. Nimesoma insha yako ya parachichi. Umepanga kwanza, pili, na msomaji hapotei, endelea hivyo. Sasa fungua daftari, weka kidole kwenye sentensi inayosema watu wanapata hela. Nilipofika hapo nikajiuliza, watu gani? Wanamuuzia nani, kwa kilo au kwa gunia? Hiyo hela ikifika nyumbani inafanya nini? Wewe unayajua haya, mimi siyajui. Andika upya aya hiyo moja tu, uanze na mtu mmoja unayemfahamu. Nitaisoma Alhamisi."

Angalia kilichomo. Kuna salamu. Kuna jambo moja alilofanya vizuri, limetajwa kwa jina lake. Kuna mahali pa kuweka kidole, ili asikilize akiwa na ukurasa mbele yake. Kuna maswali ya msomaji anayetaka kujua, tofauti na hukumu ya hakimu. Kuna kazi moja inayowezekana, na siku. Alama haimo, itakuja baada ya rasimu ya pili. Usizidishe dakika mbili, maana ikizidi hapo mtoto ameshasahau mwanzo.

Kusoma dakika nne na kusema dakika mbili, kwa insha 15, ni saa moja na nusu kwa wiki. Huo ni muda ambao mwalimu anaupata.

Watasikilizaje bila simu? Njia iliyo rahisi kusimamia ni kituo cha kusikiliza wakati wa prepo, yaani muda wa kujisomea jioni. Weka kishikwambi na spika za masikioni kwenye meza ya mbele, faili zikiwa zimepangwa kwa namba. Kiranja anaita namba, mwanafunzi anakuja na daftari na penseli, anasikiliza mara mbili, anaandika pembeni kwa maneno yake mwenyewe alichoombwa kufanya, anarudi kwenye dawati. Kuandika huko kwa maneno yake usikuache. Ndiko kunakokuonyesha kama alielewa. Kwa shule za kutwa, tumia nusu saa baada ya vipindi, kwa zamu, ili wanaotembea mbali wasichelewe. Chaji kishikwambi mchana umeme ukiwapo, usingoje jioni.

Mtoto akirudi na aya kama hii, kazi imefanyika:

"Bibi yangu ana miti kumi na minne ya parachichi nyuma ya nyumba. Zamani matunda yalikuwa yanaoza chini, mengine tunawapa nguruwe. Sasa mnunuzi anakuja na mzani wake, anachagua yasiyo na mikwaruzo, yanayobaki tunayapeleka sokoni Kiwira. Hela ya mwaka jana ndiyo iliyolipa sare zangu na godoro nililokuja nalo bwenini."

Ndiyo, "yalikuwa yanaoza" na "tunawapa" hazikai wakati mmoja. Liache kwa sasa. Mada ya wiki ilikuwa mifano, na mifano imekuja, mpaka mikwaruzo. Nyakati za vitenzi zitapata zamu yake, na siku hiyo utaitumia aya hiihii.

Hatua ya tano: aya moja mbele ya darasa

Kama kuna projekta, dakika 20 za kipindi kimoja kwa wiki zinatosha. Chagua aya kutoka mkondo mwingine, au ya mwaka uliopita kwa idhini ya mwenyewe, ichapwe upya bila jina. Itokee ukutani. Waulize: msomaji anataka kujua nini hapa? Wanaposema, wewe unachapa, na aya inabadilika mbele ya macho yao. Kwenye programu ya kuandikia, washa sehemu ya kurekodi mabadiliko, ili kilichofutwa kionekane kimekatwa na kilichoongezwa kiwe na rangi. Watoto wengi hawajawahi kuona mtu mzima akifuta sentensi yake na kuanza tena. Huwa wanadhani mwandishi mzuri huandika mara moja tu.

Usiweke ukutani kazi ya mtoto aliyemo darasani kama mfano wa makosa. Utani wa bwenini hauishi.

Kama projekta hakuna, andika aya kwenye karatasi ya manila. Hatua hii haipotezi chochote.

Hatua ya sita: chumba cha kompyuta

LibreOffice ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Unaposakinisha, hakikisha umeweka alama kwenye kamusi hiyo, kisha chagua Kiswahili kuwa lugha ya maandishi. Bila hivyo kila neno litapigiwa mstari mwekundu kana kwamba ni Kiingereza kibovu. Fleshi za wanafunzi zisiingizwe ovyo, kwa sababu virusi huua chumba kizima kwa wiki moja. Tumia fleshi moja ya mwalimu.

Wafundishe mapema mipaka ya mkaguzi wa tahajia. Mwandikie darasa sentensi hii: "Nilinunua karamu mbili dukani, kisha nikaenda kura chakula." Kompyuta itanyamaza, kwa kuwa "karamu" na "kura" ni maneno halali, hayapo tu mahali pake. Kwa upande mwingine, kitenzi kirefu kama "walivyotuandalia" kinaweza kupigiwa mstari ingawa hakina kosa. Mwanafunzi akiona hayo mawili kwa macho yake, ataacha kuiamini rangi nyekundu kuliko akili yake. Kwa l na r, mpe utaratibu wa kutumia zana ya kutafuta: atafute kila r kwenye insha yake, alitamke neno, ajiulize maana. Ni kazi ya dakika tano inayomfanya ayaone makosa yake mwenyewe.

Pale intaneti ipo, Google Docs inampa mwalimu uwezo wa kuweka maoni pembeni ya sentensi na kutazama historia ya matoleo, yaani jinsi insha ilivyokua siku baada ya siku. Ukiitazama historia hiyo, utaona nani aliandika upya na nani alibandika kitu kizima kwa mara moja. Waweke wawili wawili: mmoja mwandishi, mwingine msomaji mwenye ruhusa ya kutoa maoni tu. Msomaji aandike maswali matatu, bila kusahihisha. Mwanafunzi akisahihisha insha ya mwenzake, mara nyingi huongeza makosa. Akiuliza, humsaidia kweli.

Kwa wanaoongea vizuri na kuandika kidogo

Kila darasa lina mtoto anayesimulia mpaka wenzake wananyamaza, lakini akipewa karatasi anatoa mistari mitatu. Mpe kibodi ya Google kwenye kishikwambi, asimulie kwa sauti. Kuandika kwa kusema kwa Kiswahili kulianza kupatikana huko mwaka 2017, na kunahitaji mtandao. Maneno yatatokea, mengi yakiwa sahihi, mara nyingi bila nukta wala herufi kubwa. Hapo ndipo pana somo. Mchapishe ukurasa huo au aunakili kwa mkono, kisha kazi yake iwe kukata sentensi: pumzi inaishia wapi, wazo linaishia wapi. Anafundishika kirahisi kwa sababu maneno ni yake.

Kinyume chake kinafaa kwa wote. Mwanafunzi asome insha yake kwa sauti, ajirekodi, ajisikilize. Mahali alipojikwaa akisoma ndipo msomaji naye atajikwaa. Zoezi hili halihitaji bando, wala mwalimu kuwapo.

Akili mnemba

Watoto wanaijua, hasa wakirudi kutoka likizo. ChatGPT na wenzake wanaandika Kiswahili kinachosomeka, ila mara kwa mara hukosea upatanisho wa ngeli, na mifano yao haina harufu ya mahali popote. Insha ya parachichi iliyoandikwa na mashine itazungumzia "jamii" na "maendeleo". Haitakuwa na bibi mwenye miti kumi na minne. Kwa hiyo ulinzi ulio imara ni swali lenyewe. Usitoe mada ya "Faida za kilimo". Toa "Mtu mmoja unayemfahamu aliyebadilishwa na zao moja", na uanze rasimu ya kwanza darasani kwa kalamu.

Wewe mwalimu unaweza kuitumia kwa kazi moja nzuri: iombe itunge aya mbovu yenye aina fulani ya kosa, uipitie kwanza wewe, kisha wanafunzi waichambue. Usiipe insha za watoto iziwekee alama. Haiwajui, na kazi zao si mali yako ya kuzipeleka huko.

Likizo ya Juni

Hapa simu za wazazi zinaingia. Fungua kundi la WhatsApp la wazazi, wanaotuma wawe wasimamizi tu, vinginevyo salamu na matangazo yatafunika kazi. Tuma kazi moja kwa wiki, fupi: aya moja kuhusu kitu mtoto alichokiona wiki hiyo, kiwe mnada, msiba, au gari lililokwama kwenye tope la Isyonje. Mzazi apige picha na kuituma kwako binafsi, nje ya kundi. Wewe ujibu kwa sauti. Mama atakayeisikiliza pamoja na mwanawe ataanza kumuuliza maswali yaleyale jikoni. Wenye simu ya batani wasiachwe: mtoto aandike daftarini, ailete shule ikifunguliwa, na apewe nafasi ya kwanza kwenye kituo cha kusikiliza.

Hatua ya mwisho: ondoa vifaa

Mtihani wa Kidato cha Nne wa Baraza la Mitihani hufanyika Novemba, kwa kalamu na karatasi. Hakuna sauti ya mwalimu masikioni, hakuna mstari mwekundu. Kwa hiyo kuanzia Agosti punguza. Mwezi huo wa Agosti, mwanafunzi ajirekodi mwenyewe mrejesho kabla hajasikia wako, halafu alinganishe. Mwezi unaofuata, aandike pembeni ya rasimu yake maswali mawili ambayo wewe ungemuuliza, ayajibu ndani ya rasimu ya pili. Oktoba, kila insha iandikwe kwa dakika 40, tano za mwisho zikiwa za kupitia: aya moja ya kuishibisha, na msako wa l na r kwa kidole. Folda ya r1 na r2 mrudishie mwenyewe kwenye karatasi kabla hajaondoka, kisha futa sauti na picha zilizobaki kwenye kishikwambi.